Matanga Ankoro: sababu gani batri inakufa mbele ya asubuhi?

Pale Ankoro, mahali mto Luvua unapokutana na Lualaba, usiku wa matanga unataka nyimbo, na nyimbo zinataka bafle. Wengi wanatumia batri na pano ya jua, ama grupu ya mafuta. Mara nyingi, saa sita ya usiku, sauti inaanza kukwaruza, kisha kimya. Familia yenye msiba inachanga tena franka za mafuta. Watu wanasema: "Tununue batri kubwa." Sisi tunasema: tuanze na bafle.

Bafle nyingi za nyumbani, ukizipa wati 100, karibu wati 1 tu ndiyo inakuwa sauti. Zingine zote zinakuwa joto ndani ya koili. Angalia nyuma ya bafle: kuko namba ya desibeli kwa wati 1, mita 1. Desibeli 10 zaidi ni sawa na kupunguza umeme mara kumi. Kazi ambayo bafle ya 87 inafanya kwa wati 100, ile ya 97 inaifanya kwa wati 10. Namba kubwa ya "PMPO" iliyobandikwa mbele isikudanganye. Tafuta wati za RMS.

Kisha ampli. Ampli ya zamani ya klasi AB, hata ikipiga kwa nguvu yote, inapoteza zaidi ya theluthi ya umeme kuwa joto, na kwa sauti ndogo inapoteza zaidi. Ndiyo maana mgongo wake unachoma mkono. Klasi D inafikisha karibu 90 kwa 100.

Tufanye hesabu. Batri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, inabeba wati-saa 1200. Ili isiharibike, tumia nusu: 600. Ampli ya AB inayotoa wati 100 mfululizo inavuta karibu 170: saa tatu na nusu, basi. Ya klasi D inavuta 110: saa tano na zaidi. Lakini klasi D na bafle ya desibeli 97 itavuta labda 20 tu, na asubuhi itakuta batri ingali na nguvu. Tena chagua ampli ya volti 12, kama ya gari, maana ondulere ya kupandisha mpaka 220 nayo inakula umeme.

Si mambo mapya kwetu. Konono N°1 ya Kinshasa, kundi la Mawangu Mingiedi, walipaza likembe kwa sumaku za magari ya zamani na lance-voix. Ile tarumbeta inasukuma hewa vizuri, ndiyo maana umeme kidogo unasikika mbali. Kasoro yake: haina besi. Na besi ndiyo inayokula batri sana.

Basi, ndugu msomaji, usiku ukiwa mrefu, punguza besi mbele ya kutuma mtoto kutafuta mafuta.