Uwazi wa Katiba na Hati za Vyama vya Siasa

Makala haya yanakusudia kueleza maana ya kuziweka wazi katiba, kanuni na hati za usajili za vyama vya siasa nchini Kenya, na kuonyesha kwamba jambo hilo, ingawa huachiwa wanasheria, linawahusu wataalamu wa lugha pia.

Tuanze na maneno yenyewe. "Katiba" limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, mzizi ule ule uliotupa "kitabu" na "katibu". Nalo "sajili" lina asili yake katika neno la Kiarabu la daftari la kumbukumbu. Istilahi zote mbili zatuambia kwamba jambo limetiwa katika maandishi ili lisitegemee hiari ya mtu mmoja. Andiko lisilofikiwa na wale linaowahusu limepotewa na kazi yake.

Kabla ya 2008 vyama vya siasa viliandikishwa chini ya Sheria ya Vyama, pamoja na vyama vya kijamii vya kila namna. Na tangu 1982 hadi Desemba 1991 katiba ya nchi iliruhusu chama kimoja tu, yaani KANU. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2007, iliyoanza kutumika 2008, ilivitenga vyama hivyo na vinginevyo. Kisha Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 91, ikadai kila chama kiwe na sura ya kitaifa na baraza la uongozi lililochaguliwa kidemokrasia. Nacho Kifungu cha 35 kikampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya 2011 inataka chama kinachoomba usajili kamili kiwe na wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua 1,000 katika kila mojawapo ya kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 au zaidi kati ya 47. Aidha, chama hulazimika kuweka nakala ya katiba yake na daftari la wanachama wake.

Faida ya uwazi huo si ya kubuni. Mnamo Juni 2021, raia walipowezeshwa kukagua uanachama wao katika mtandao wa serikali, Wakenya wengi waligundua kwamba majina yao yameandikwa katika vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Daftari lingalibaki kabatini, kosa hilo lisingalijulikana. Vilevile, mwanachama mwenye malalamiko dhidi ya chama chake hutakiwa kujaribu kwanza njia za usuluhishi zilizomo chamani kabla ya kulifikia baraza la mizozo. Asiyeijua kanuni hajui amwendee nani, wala kwa muda gani. Huenda akaipoteza haki yake kabla kesi haijasikizwa.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kiswahili husema "mlango u wazi" na pia "maneno yako wazi": la kwanza ni la kufikiwa, la pili ni la kueleweka. Hati yaweza kuwa wazi kwa maana ya kwanza, isiwe hivyo kwa maana ya pili. Tuchukue neno "uteuzi". Hutumiwa kwa kura ya wanachama ya kumpata mgombea, na pia kwa kitendo cha kiongozi kumweka mtu katika cheo. Kanuni isemayo "uteuzi utafanywa na chama" haimwambii mwanachama kama atapiga kura au atatangaziwa jina. Mzozo mkubwa waweza kukaa ndani ya neno moja.

Kwa kuwa Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, yafaa katiba za vyama zipatikane pia kwa Kiswahili sanifu. Jirani zetu wa Tanzania wametutangulia: Katiba ya Muda ya 1965 iliambatishwa katiba ya TANU, na katiba ya CCM imeandikwa kwa Kiswahili.

Hatuna budi, basi, kuzifanya hati hizi kuwa sehemu ya utafiti wetu wa istilahi. Msajili aweza kuufungua mlango; kuyafanya maneno yaeleweke ni kazi ya wanalugha.