Pistoni Inapogonga: Sababu za Mlio na Utata wa Neno Moja

1. Utangulizi

Mwendeshaji wa gari au pikipiki katika njia za Kama, jimboni Maniema, yu mbali na maduka ya vipuri ya Kindu. Asikiapo injini ikigonga, husema kwa ufupi kwamba pistoni inalia. Kauli ni moja, lakini sababu ni nyingi, na dawa ya sababu moja haiponyi nyingine. Injini ikifunguliwa pasipo haja, fedha hupotea bure. Mlio wa hatari ukipuuzwa, injini hufa njiani. Makala haya yanakusudia kupambanua sababu hizo, kisha kuonyesha jinsi mojawapo inavyoweza kuletwa na utata wa neno la Kiswahili.

2. Pistoni na nafasi yake

Injini izungukapo mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde moja. Baina yake na ukuta wa silinda huachwa nafasi ndogo, kwa kawaida chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ambamo hukaa utando wa mafuta ya kulainisha. Nafasi hiyo haina budi kuwapo. Pistoni nyingi huundwa kwa alumini, na alumini hutanuka kwa joto takriban maradufu ya chuma cha kusubu kitumiwacho katika silinda nyingi. Isipoachwa nafasi, pistoni itakwama.

3. Aina za mlio

Mlio wa kwanza ni wa pistoni kupiga ukuta wa silinda. Nafasi ikipanuka kwa kulika, pistoni huyumba: mkono wake unapobadili mwelekeo, huupiga ukuta upande huu, kisha upande wa pili. Sauti ni butu. Husikika zaidi injini ikiwa baridi, na hupungua ikipata joto, kwa kuwa pistoni imetanuka. Mlio upunguao hivyo hauhitaji injini kufunguliwa siku hiyohiyo. Vumbi lipenyalo katika chujio bovu la hewa na mafuta ya kulainisha yaliyochakaa ndiyo huharakisha kulika huko.

Mlio wa pili hutoka katika viungo vya pistoni. Pini iliyolegea hutoa sauti kali ya chuma kwa chuma, idhihirikayo injini inapozunguka polepole bila mzigo. Beringi ya mkono wa pistoni ikilika, sauti huwa nzito, huongezeka kwa mzigo, na joto haliipunguzi. Pengine huizidisha, maana mafuta yaliyopata moto huwa mepesi. Huo ndio mlio wa kuogopwa. Injini izimwe mara moja na kiasi cha mafuta kikaguliwe, kwani mkono waweza kukatika na kutoboa bloku.

Mlio wa tatu hautokani na kulegea kwa chochote, bali na mwako. Ilivyo kawaida, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa mafuta na hewa, moto ukaenea kwa utaratibu. Lakini mafuta yakiwa dhaifu, au cheche ikitangulia mno, sehemu ambayo moto haujaifikia hujilipukia yenyewe. Mkandamizo hupanda ghafla, na silinda ikalia kama chuma kigongwacho kwa nyundo ndogo, hasa chombo kipandapo mlima na mzigo. Uwezo wa mafuta kuzuia mlipuko huo hupimwa kwa okteni. Mafuta ya magari aghalabu hufikia 90 au zaidi, ilhali ya taa yako chini sana. Mlipuko huo ukidumu, huweza kutoboa kichwa cha pistoni.

Injini ya dizeli, au ya mazutu kama isemwavyo Kongo, iko kando: huwasha mafuta kwa mkandamizo pasipo cheche, hivyo kugonga kiasi ni tabia yake.

4. Utata wa neno "petroli"

Kiswahili kilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyoweka vituo Nyangwe na Kasongo. Msamiati wa magari ulikuja baadaye, kwa njia mbili tofauti. Tanzania na Kenya ziliupokea kutoka Kiingereza. Kongo iliupokea kutoka Kifaransa katika utawala wa Wabelgiji. Ndiyo sababu, huko mashariki, "petroli" ni mafuta ya gari, na yale ya kuwashia taa huitwa mafuta ya taa. Nchini Kongo mafuta ya gari ni "esansi", na "petroli" ni yale ya taa.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Fundi wa Kama asomaye maelezo yaliyoandikwa Dar es Salaam, yakimwagiza atie petroli, akiyafuata kwa lugha yake atatia mafuta ya taa. Injini ikigonga, atasema pistoni inalia na kuanza kuifungua, kumbe kosa limo tangini.

5. Hitimisho

Kabla ya kushika zana, fundi hana budi kuuliza: Mlio hupungua kwa joto? Huzidi kwa mzigo? Ulianza baada ya kutia mafuta mapya? Watungaji wa istilahi nao, wanapoandika "petroli" katika kitabu cha ufundi kitakachovuka mipaka, hawana budi kubainisha ni mafuta gani. Neno likiwa sahihi upande mmoja wa Ziwa Tanganyika, haitoshi.