Steringi Asiyependeka: Mchuuzi wa Kumbukumbu za Watu

Sisi tuliokulia katika vibanda vya video tuliijua sheria moja kabla hata ya kujua jedwali la kuzidisha: steringi hafi. Adui atammiminia risasi, atamtupa kutoka ghorofani, atamchomea nyumba, lakini steringi atainuka, atakung'uta vumbi na kusonga mbele. Ilikuwapo na sheria ya pili ambayo hakuna aliyehitaji kuitamka, nayo ni kwamba steringi hupendwa. Akitokea tu, kibanda kizima kinapiga mbinja. Sasa itakuwaje pale mwongozaji wa filamu anapotuletea steringi ambaye, robo saa tu baada ya kumfahamu, mtu unatamani adui amuwahi?

Ndivyo ilivyo katika filamu ya Kimarekani iitwayo Strange Days, iliyotolewa mwaka 1995, ambayo niliizungumzia redioni wiki hii kwa kuwa wasikilizaji wawili watatu waliniuliza kwa nini filamu yenye hadithi kali kiasi kile imepewa mtu mkuu wa hovyo namna ile. Mwongozaji wake ni mwanamama, Kathryn Bigelow. Hadithi iliandikwa na James Cameron na Jay Cocks. Huyo mtu wa hovyo, Lenny Nero, anachezwa na Mwingereza Ralph Fiennes, yule yule ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amecheza kamanda wa kambi ya Wanazi katika Schindler's List. Kwa hiyo kutopendeka si kazi mpya kwake.

Mambo yanatokea Los Angeles katika siku mbili za mwisho za mwaka 1999. Mitaani kuna askari wenye silaha nzito, magari yanawaka moto, na watu wanakunywa na kucheza kana kwamba hakuna kesho. Filamu ilipotoka huo ulikuwa ubashiri wa miaka minne mbele. Leo mwaka 1999 umekwisha kuwa historia, na mtu angetazamia kwamba ubashiri ule umechuja. Kwa sehemu ni kweli, maana simu ya mkononi ya Lenny inachekesha. Lakini biashara yake haichekeshi hata kidogo.

Biashara yenyewe ni hii. Kuna chombo kama wavu mwepesi ambacho mtu hukivaa kichwani, akakifunika kwa nywele au kofia. Kila anachokiona, anachokisikia na kukihisi kwa muda ule, pamoja na hofu yake na mapigo ya moyo wake, kinanakiliwa katika kisahani kidogo. Mtu mwingine akivaa wavu wake na kukiweka kisahani kile, hatazami kama tunavyotazama sinema; anakuwa yule mtu. Mzee asiye na miguu anakimbia ufukweni. Mwanasheria mwenye heshima zake anaonja maisha ya mtu ambaye mkewe hapaswi kumjua. Katika hadithi chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya makachero wa serikali, kikavujia mitaani, na sasa ni haramu kama dawa za kulevya, na kinazoeleka vivyo hivyo.

Jina la chombo hicho, SQUID, halikubuniwa na watunga filamu. Ni jina la kipimo halisi cha maabara kinachohisi nguvu ya sumaku iliyo ndogo mno, mamilioni ya mara chini ya ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Seli za ubongo zinapofanya kazi hutoa umeme kidogo, na penye umeme unaotembea pana sumaku. Tangu miaka ya 1970 watafiti wameweza kuisoma sumaku hiyo nje ya fuvu bila kupasua wala kuchoma sindano, na hospitali kubwa za nje hutumia mtambo huo kutafuta mahali kifafa kinapoanzia. Ila mtambo halisi huhitaji kupozwa kwa gesi ya heliamu iliyogeuzwa kimiminika, yenye baridi ya nyuzi karibu 269 chini ya sifuri, na unajaza chumba kizima. Tena unasoma tu ni wapi na ni lini ubongo umeshtuka. Haukwambii mwenye ubongo alikuwa anamwogopa nani. Hapo ndipo sayansi inapoishia na hadithi inapoanza.

Turudi kwa Lenny. Huyu ni polisi wa zamani aliyefukuzwa kazi. Anavaa suti za bei mbaya, anaongea kama maji ya bomba lililopasuka, anadanganya wateja, anadanganya rafiki zake, na zaidi ya wote anajidanganya mwenyewe. Usiku akiwa peke yake anavaa wavu wake na kurudia siku alizokuwa na mpenzi wake, Faith, ambaye alikwisha kumwacha akaenda kwa bosi mmoja wa muziki. Mwanamke amemwambia kwa maneno ya wazi kuwa yamekwisha. Yeye hasikii, maana kwenye kisahani chake hayajaisha. Anachomwa ngumi mara kwa mara katika filamu hii na sikumbuki hata mara moja nilipomwonea huruma.

Hata hivyo anajivunia jambo moja: hauzi visahani vya vifo. Filamu inaanza na wizi wa mkahawa unaouona kwa macho ya mwizi mwenyewe, anakimbizwa na polisi mpaka juu ya paa, anaruka, anakosa ukingo, anaanguka hadi chini, giza. Ni Lenny aliyekuwa akikijaribu kisahani hicho, naye anauvua wavu kwa hasira na kumkaripia aliyemletea. Ni kama mpika gongo anayejisifu kwamba kwake hapauzwi bangi.

Ndipo jinai inapoingia. Msichana mmoja changudoa, Iris, ameshuhudia jambo ambalo hakupaswa kulishuhudia, na alikuwa amevaa wavu. Anamtafuta Lenny kumwomba msaada. Lenny, akili yote ikiwa kwa Faith, hamsikilizi sawasawa. Baadaye anaachiwa kisahani kisicho na jina, anakivaa, na anajikuta ndani ya macho ya mtu anayemnajisi na kumuua Iris. Tena muuaji amemvisha Iris wavu uliounganishwa na wake, ili marehemu aone kifo chake kwa macho ya anayemuua na kuhisi raha ya muuaji ikichanganyika na hofu yake mwenyewe. Muuaji ni nani sitasema. Atakayeitazama atamkuta mwenyewe, na hatampenda pia.

Mpenzi msomaji, tukio lile ni baya, na wapo waliotoka nje ya kumbi kwa sababu yake. Si jambo jipya kabisa katika sinema. Mwaka 1960 Mwingereza Michael Powell alitengeneza Peeping Tom, kuhusu mpiga picha anayewaua wanawake huku akiwapiga filamu na kuwawekea kioo wajione wanavyoogopa. Wakosoaji wa London walimshambulia vibaya, na kazi yake nchini mwake haikupata tena nguvu ya awali. Bigelow alijua anakanyaga wapi. Ili tuone kwa macho ya mtu mwingine, ilibidi itengenezwe kamera nyepesi maalumu inayoweza kugeuka kwa wepesi wa kichwa cha binadamu, na matayarisho yalichukua karibu mwaka. Hakujitaabisha hivyo ili kupamba. Alitaka kwamba mwizi anapokimbia, sisi ndio tunakimbia, na mnyonge anapouawa, mikono ile ionekane kama inatoka mabegani mwetu.

Hapo ndipo ninapopata jibu la wale wasikilizaji wangu. Lenny angekuwa mtu mzuri, tungejificha nyuma yake. Tungesema tunatazama haya kwa sababu steringi anatafuta haki. Kwa kuwa ni mchuuzi, hatuna pa kujificha: yeye anauza, na sisi tuliokata tiketi ndio wanunuzi. Ile chuki tunayoihisi kwake ina harufu ya mtu anayemchukia muuza pombe asubuhi baada ya kulewa.

Nami nasema haya nikijua kazi yangu ni ipi. Mwandishi wa redio huishi kwa sauti za watu. Mtu amefiwa, ajali imetokea, nyumba imeungua, nasi tunafika na kipaza sauti na kumuuliza mama wa watu anajisikiaje. Kilio chake kinasikika jioni kati ya tangazo la sabuni na taarifa ya hali ya hewa. Zamani angalau kazi hiyo ilikuwa ya wachache wenye mhariri juu yao. Leo basi likipinduka barabarani, kabla majeruhi hajatolewa chini ya kiti, picha zake zimekwisha kuzunguka katika simu za watu wasiomjua, na ndugu zake wanapata habari za msiba kwa kumtambua shati. Wanaozituma hawalipwi hata senti. Lenny angewashangaa.

Lakini filamu hii ingekuwa nyepesi kama ingesema tu kwamba kunakili mateso ya watu ni dhambi. Kisahani cha Iris kinaonyesha nini? Kinaonyesha polisi wawili weupe wakimuua kando ya barabara mwanamuziki wa kufokafoka, Mweusi aitwaye Jeriko One, ambaye vijana wa mji ule walimsikiliza kuliko mwanasiasa yeyote. Bila kisahani kile hakuna ushahidi. Chombo kile kile kilichotumika kumdhalilisha Iris ndicho kinachoweza kusema kweli yake baada ya kufa. Inategemea anakishika nani, na anakipeleka wapi.

Kila Mmarekani aliyeingia ukumbini mwaka 1995 alijua habari hiyo imetoka wapi. Usiku wa tarehe 3 Machi 1991, polisi wa Los Angeles walimpiga kwa virungu Rodney King, Mweusi aliyekuwa ameendesha gari kwa kasi akikimbia kukamatwa. Mkazi mmoja wa jirani alichukua kamera yake ya video akalipiga picha tukio lile kutoka barazani kwake, na mkanda ukafika kituo cha televisheni, kisha dunia nzima. Polisi wanne walishtakiwa. Mawakili wao hawakuuficha mkanda; waliuonyesha polepole, picha baada ya picha, mpaka kila pigo likawa na maelezo yake. Tarehe 29 Aprili 1992 baraza la wazee wa mahakama halikumtia hatiani hata mmoja. Mji ukawaka. Watu zaidi ya 50 walikufa na mali iliyoharibiwa ilikisiwa kufikia dola bilioni moja. Wawili kati ya wale polisi walikuja kufungwa mwaka 1993, katika kesi nyingine ya serikali kuu.

Kwa sababu hiyo nina ugomvi na mwisho wa filamu. Kisahani kinafikishwa kwa mkuu wa polisi, naye, kwa kuwa ni mtu mwadilifu, anakitazama na mara moja anaamuru wahalifu wakamatwe, huku mji mzima ukishangilia saa sita usiku. Ni vizuri kwa sinema. Lakini watazamaji wale wale walikuwa wameona miaka mitatu tu nyuma kwamba ukweli unaweza kuonekana na kila mtu na bado ukashindwa mahakamani. Mkanda haujitetei wenyewe. Alipouawa George Floyd mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alipatwa na tatizo la kiafya. Aliyeikanusha ni binti wa miaka 17 aliyesimama pale na simu yake mpaka mwisho bila kuishusha. Hata hivyo, mpaka polisi aliyehusika kutiwa hatiani Aprili 2021, zilihitajika wiki za mashahidi, madaktari na wanasheria, na mamilioni ya watu barabarani.

Kama kuna steringi wa kweli katika Strange Days, basi ni Mace, anayechezwa na Angela Bassett. Ni dereva wa magari ya kifahari na mlinzi wa matajiri, mama anayelea mtoto peke yake. Anampenda Lenny, jambo ambalo lilinisumbua mpaka sababu ilipoonyeshwa: siku baba wa mtoto wake alipokamatwa, Lenny akiwa bado polisi alikaa na yule mtoto chumbani, akamtuliza. Ni tukio la sekunde chache, wala hakuna aliyelinakili. Mace halivai wavu kwa hiari. Anamwambia Lenny kwamba kumbukumbu zimeumbwa zififie. Anakubali kuvaa mara moja tu, ili aone alivyouawa Jeriko, na anapouvua uso wake unatosha. Bigelow hakuhitaji kumwongezea maneno.

Lenny naye, mpaka karibu na mwisho, anataka kukitumia kisahani kile kubadilishana ili ampate Faith. Mtu ameuawa, mji unakaribia kuungua, yeye anawaza mapenzi yaliyokufa! Mace anamwambia kitu hicho si chake kukiuza. Lenny anasita, kisha anampa. Hakuna muziki wa ushujaa, na hata baada ya hapo habadiliki kuwa malaika.

Filamu iligharimu dola milioni 42 na huko Marekani haikurudisha hata milioni 8. Bigelow alingoja hadi mwaka 2010 ndipo akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Oscar ya uongozaji, kwa filamu ya vita, The Hurt Locker. Anayetaka kuitazama hii ya Lenny atenge saa mbili na nusu, na watoto wawe wamelala. Lile tukio la Iris bado nadhani lingeweza kukatwa nusu na tukaelewa.