Mama aliposhindwa kutusikia

Juzi tulimpigia mama nyumbani kwa njia ya intaneti. Sisi tulimsikia, yeye akabaki akiita: "Mwanangu, upo?" Kwa tulio uhamishoni, swali hilo linachoma.

Tulidhani maikrofoni imekufa. Kumbe nzima.

Ndugu msomaji, yakikukuta anza na waya: kwenye kompyuta nyingi za mezani tundu la waridi ni la maikrofoni, la kijani ni la spika. Kisha hakikisha maikrofoni yako ndiyo iliyochaguliwa. Windows 10 na 11 zina pia swichi ya faragha inayozuia programu kutumia maikrofoni. Yetu tulikuwa tumeizima wenyewe, tukasahau. Ikishindikana, ondoa draiva ya sauti, uwashe kompyuta upya. Mara nyingi hurudi yenyewe.

Tulipiga tena. "Alhamdulillahi, u mzima," akasema mama.