Gari lililotumika kwa bajeti ndogo: bei, injini na kadi

Magari mengi madogo ya binafsi yanayotembea Tanzania yalianzia Japani. Nchi zote mbili huendesha upande wa kushoto, hivyo gari huingia barabarani bila kuguswa usukani. Aidha, sheria ya Japani hulitaka gari dogo la binafsi lifanyiwe ukaguzi wa lazima, uitwao shaken, linapotimiza miaka mitatu tangu lisajiliwe, kisha kila baada ya miaka miwili. Gharama za ukaguzi huo huwasukuma wamiliki wengi kuuza gari ambalo bado ni zima. Magari hayo hupitia mnadani, hununuliwa na kampuni za usafirishaji na kushushwa bandari ya Dar es Salaam.

Mwenye fedha kidogo ana njia mbili: kuagiza nje, au kununua gari la mkononi, yaani lililokwisha kutumika nchini. Anayeagiza hulipa bei ya gari, usafiri na bima ya baharini, kisha kodi. Forodha huchukua 25%, ushuru wa bidhaa hufuata ukubwa wa injini, na VAT ni 18%. Gari dogo lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa 15%, na lililozidi miaka 10 huongezewa 30%. Kwa kuwa kodi moja hukokotolewa juu ya nyingine, jumla yake kwa gari la zamani hukaribia thamani ya gari lenyewe. Kenya imechukua mkondo tofauti: gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia kabisa. Viwango vya kodi hubadilika na bajeti za serikali, hivyo kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) hutazamwa kabla fedha haijatumwa Japani.

Gari la mkononi lina kodi iliyokwisha kulipwa, na mnunuzi huliona na kuliendesha kabla ya kulipa. Ila soko lake lina mtego wa namba. Madalali husifu gari kwa herufi ya kwanza ya kundi la mwisho kwenye kibao, na gari la “namba E” huuzwa ghali kuliko la “namba D” linalofanana nalo. Herufi hiyo huonyesha gari lilisajiliwa Tanzania lini, wala haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2005 linaweza kuvaa namba mpya kwa sababu tu lilichelewa kuingia nchini. Mwaka wa kutengenezwa husomwa kwenye kadi ya gari, na lebo ya mkanda wa kiti huthibitisha.

Katika uchaguzi wa aina, upatikanaji wa spea na mafundi una uzito kuliko sifa za gari lenyewe. Ndiyo maana Toyota IST ya kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, bado inatafutwa. Injini zake za lita 1.3 na 1.5 hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya maelfu ya kilomita, giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, na spea zake zimejaa Gerezani, Kariakoo. Probox, iliyotoka 2002 kama gari la kazi, ina injini za familia hiyo hiyo na buti kubwa, hivyo humfaa mfanyabiashara mdogo. Passo na Vitz zenye injini ya silinda tatu, chini kidogo ya lita 1, hutumia petroli kidogo zaidi, lakini huchoka haraka zikibebeshwa mizigo na kupandishwa milima.

Tahadhari inahitajika kwa giaboksi za CVT, yaani otomatiki zisizo na gia za hatua, ambazo hutaka oili yake maalumu na huharibika zikiwekewa ya aina nyingine. Vilevile, injini za D-4 za lita 2.0 katika baadhi ya Premio, Allion na Noah za miaka ya 2000 huingiza petroli moja kwa moja kwenye silinda kwa mgandamizo mkubwa, na pampu yake ni ghali kubadilisha.

Ukaguzi hufanywa asubuhi, injini ikiwa baridi, na fundi aliyeletwa na mnunuzi. Gari lililokwisha kuwashwa kabla hajafika huficha mengi. Moshi wa buluu ni dalili ya injini inayokula oili. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto huashiria maji ya rejeta kuingia kwenye silinda. Kifuniko cha oili kikikutwa na uteute wa rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imekufa. Breki ikiwa imekanyagwa, gia huhamishwa kutoka P kwenda R, kisha D: ikichelewa kushika au ikishtua gari, giaboksi ina tatizo. Nafasi zisizolingana kati ya boneti na fenda, na alama za spana kwenye bolti zake, hueleza ajali ambayo rangi mpya imeifunika.

Kilomita za kwenye dashibodi hurudishwa nyuma kirahisi, hivyo hulinganishwa na uchakavu wa pedali, usukani na kiti cha dereva. Tairi nazo husema: tarakimu nne za mwisho za msimbo wake, mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa gari linaloagizwa, ripoti ya mnada ya Japani huonyesha kilomita na daraja. Daraja R kwa kawaida ni la gari lililogongwa na kutengenezwa.

Baada ya injini hufuata karatasi. Namba ya chesisi na ya injini lazima zifanane na za kwenye kadi, na jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha muuzaji. Muuzaji asiye na kadi halisi huenda ameiweka rehani kwa mkopo. Faini za barabarani huangaliwa kwa namba ya gari katika mfumo wa Polisi, mkataba wa mauziano hushuhudiwa na wakili, na umiliki huhamishwa TRA mara moja, kwa sababu gari lisilohamishwa kisheria bado ni la muuzaji.

Mwenye shilingi milioni 10 asinunue gari la milioni 10. Uhamisho, bima, oili, tairi, bushi na shokapu vinamsubiri mwezi wa kwanza, na gari linalokosa matengenezo hayo huharibika hata kama lilichaguliwa vizuri. Kwa bajeti ndogo, gari la zamani kidogo lenye injini nzima na kadi safi ni ununuzi bora kuliko gari jipya zaidi lililomaliza akiba yote.