Barometa za Kale za Uingereza

Nikionyeshwa barometa ya kale ya Kiingereza, ile yenye uso wa mviringo iliyoenea sana karne ya 19, huomba kwanza mlango wa nyuma ufunguliwe. Mbele kuna mbao za mahogani zilizong'arishwa na uso wa shaba uliopakwa fedha. Inapendeza, lakini ufundi wenyewe umo ndani.

Humo umesimama mrija wa kioo uliojaa zebaki, umezibwa juu na kupinda chini kama mpini wa mwavuli. Mgandamizo wa hewa ukiongezeka, zebaki hupanda upande mrefu na kushuka upande mfupi. Huko kwenye upande mfupi kinaelea kipande cha kioo kilichofungwa uzi wa hariri. Uzi hupita juu ya kapi ndogo, na kapi huuzungusha mshale. Badiliko dogo la zebaki huonekana kubwa usoni, palipochongwa maneno ya mvua, mabadiliko na hali nzuri. Ni akili ya ajabu!

Wazo la mshale ni la Robert Hooke wa London, miaka ya 1660. Mwaka 1695, Daniel Quare akapata hataza ya barometa ya kusafiria. Hata hivyo, nyingi zilizobaki ni kazi ya Waitaliano waliohamia Uingereza, wengi kutoka eneo la Como, na si haki kuwasahau.

Ukiipata moja, tafadhali usiilaze wala kuipindua. Zebaki itamwagika, nayo ni sumu.