Mitetea wa Bibi Wanakaribia Kutaga

Sogeeni karibu, na wa nyuma nao wasikie. Leo sina sungura wala fisi. Nina mitetea watano wa Singida, na mtoto mmoja aliyechoka kuwangoja.

Singida, kama hamjafika, ni mkoa wa upepo, alizeti na kuku wa kienyeji. Kuku wake hupakiwa kwenye matenga na kusafirishwa hadi Dar es Salaam, na wapishi wa huko huwaulizia kwa jina la mkoa. Mitetea ninaowasimulia wanaishi nyuma ya jiko la bibi mmoja, kwenye banda la miti lililoezekwa bati. Walianguliwa mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni. Mwewe alichukua wenzao, kicheche naye hakukosa fungu lake. Mapora wawili waliingia chunguni siku ya sikukuu. Wakabaki mitetea watano: mmoja kishingo, mmoja kuchi mrefu wa miguu, na watatu wenye madoadoa wasiotofautishwa na mtu yeyote isipokuwa mjukuu wa yule bibi.

Ilipofika Septemba mtoto huyo alikuwa akirudi shule, hata sare hajavua, anakwenda moja kwa moja bandani. Anainama, anapapasa kwenye nyasi. Hamna kitu. Kilichomuuma zaidi ni jirani mwenye kuku wa kisasa, walioanguliwa baada ya hawa, naye tayari alikuwa anauza mayai kwa trei.

Kaka yake akasema, "Bibi, hawa wamekula pumba miezi sita bure. Tuwachinje tu."

Bibi akaendelea kupepeta. "Kuku hadaiwi kodi, mjukuu wangu. Waache, wana kazi."

Kazi gani, na siku nzima wanaonekana wakichakura jalalani tu? Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Kwanza umri wao. Kuku wa kisasa wa mayai huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, kwa sababu wamezalishwa kwa kuchaguliwa vizazi na vizazi ili wawahi. Chotara kama Sasso na Kuroiler huhitaji miezi mitano hivi. Kuku wa kienyeji anayejitafutia riziki huchukua miezi sita hadi minane, na akiwa na njaa au minyoo huchelewa zaidi. Kwa hiyo mitetea wa Bibi hawakuwa wamechelewa. Walikuwa wanafuata saa yao.

Sasa tuingie ndani ya kuku. Mtetea hazaliwi mtupu halafu mayai yakaja baadaye. Kifaranga jike anapotoka kwenye ganda tayari amebeba maelfu ya mbegu za mayai, ndogo mno, upande wake wa kushoto. Ovari ya kulia huanza kuumbika akiwa bado kwenye yai, kisha husimama, haikui. Miezi yote ile ya pumba na kumbikumbi, mbegu zimetulia. Siku zinapokaribia, chache huanza kujaa kiini, moja ikiitangulia nyingine, hata ukiona ovari ya kuku anayetaga utadhani ni shada la zabibu za njano, kubwa na ndogo pamoja. Kiini kimoja hukomaa kwa siku kama kumi hivi za mwisho. Wakati huohuo mrija wa mayai, uliokuwa mwembamba kama uzi, unarefuka mpaka kupita nusu mita, wote umekunjwa tumboni mwa ndege unayeweza kumbeba kwapani.

Lakini jambo linalonifanya mimi niwaheshimu mitetea liko kwenye miguu yao. Ganda la yai ni chokaa, na yai moja la kawaida lina karibu gramu 2 za kalsiamu. Kuku anayejitafutia riziki si rahisi kuyapata madini hayo yote kwa mlo wa siku moja. Basi wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza, mwili wake huanza kujenga mfupa mwingine ndani ya mifupa yake, hasa ya miguu, na kuhifadhi kalsiamu humo. Mtoto anatazama anaona kuku amesimama tu kivulini. Kumbe kuku huyo anaweka akiba. Usiku ganda likitengenezwa, wakati hakuna chakula kinachoingia, akiba hiyo ndiyo inayotolewa.

Ndiyo maana Bibi alikuwa hatupi maganda ya mayai anayonunua. Huyakausha motoni, anayaponda mpaka yawe chengachenga, anayaweka kwenye kifuu pembeni. Huyaponda makusudi, kwa sababu kuku akizoea kula ganda linalofanana na yai, kesho atadonoa yai lenyewe. Na huyaweka kando, hayachanganyi kwenye pumba na mashudu ya alizeti, ili kila kuku achukue kadiri anavyohitaji. Wenye kulisha chakula cha dukani nao wajue: kile cha kuku wanaotaga kina chokaa nyingi, na kifaranga akilishwa mapema figo zake huumia. Apewe cha kukuzia kwanza.

Kuna na mwanga. Kuku huhisi urefu wa mchana kwa macho, na pia kwa ubongo wenyewe, maana mwanga hupenya fuvu lake jembamba. Kule Uingereza, ambako mchana wa Desemba ni kama saa nane tu, mtetea anaweza kungoja mpaka siku zirefuke ndipo aanze, na wafugaji wengine huwasha taa bandani. Singida mchana ni saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, kwa hiyo hilo halikumsumbua Bibi.

Basi siku moja Bibi alimwita mjukuu wake. "Mkamate kishingo, taratibu."

Mtoto akasogea, na kishingo, aliyekuwa akikimbia kila akinyooshewa mkono, safari hii hakukimbia. Alichutama papo hapo, akatanua mbawa kidogo, akatulia. Mtetea anayefanya hivyo yuko tayari kupandwa na jogoo, na yai haliko mbali. Si kwamba jogoo anahitajika ili yai litoke. Kuku hutaga hata asipomwona jogoo maisha yake yote, ila yai hilo halitatoa kifaranga.

"Tazama upanga wake," Bibi akasema. Mwezi uliopita ulikuwa mdogo, umepauka. Sasa ulikuwa mwekundu, umejaa, na ndevu za chini ya mdomo vivyo hivyo.

Kisha akamwonyesha kipimo cha mikono. Unambana kuku kwapani, kichwa chake kikielekea nyuma yako. Chini ya tundu la kutagia utagusa ncha mbili za mifupa ya nyonga. Kwa mtetea mchanga ncha hizo zimekaribiana, hata kidole kimoja kinapita kwa shida. Kwa anayekaribia kutaga zimeachana, na hapo katikati pamelegea. Mtoto akaweka vidole viwili kwa kishingo, vikaingia. Akampima kuchi: kidole kimoja, tena kwa kubana.

Jioni ile wakatengeneza kiota. Kasha la mbao, upana wa sentimita 30 kila upande, nyasi kavu ndani, kwenye kona yenye giza, mahali pa chini kuliko fito wanazolalia ili wasiligeuze kuwa kitanda na kulichafua. Kasha moja linatosha kuku wanne au watano. Bibi akaweka humo jiwe jeupe laini, ukubwa wa yai. Kuku hupenda kutaga palipo na yai tayari, na bila hivyo angeweza kwenda kutaga kichakani, nguchiro akala.

Kishingo aliingia kwenye kasha, akatoka. Akaingia tena, akageuza nyasi kwa mdomo, akatoka. Alifanya hivyo siku kadhaa, akitetea kwa sauti ndefu iliyomfanya Bibi acheke peke yake jikoni.

Yai lilipatikana Jumamosi asubuhi. Dogo, la rangi ya maziwa yenye chai kidogo, lina joto bado na mstari mwembamba wa damu kwenye ganda. Mtoto akashtuka, Bibi akamtuliza: njia inapofunguka mara ya kwanza, damu kidogo ni kawaida. Kutoka kiini kilipoachiliwa hadi pale, safari ilichukua takribani siku nzima: saa tatu hivi kuvikwa ute, saa moja na kidogo kupata utando, na saa kama 20 zote ni za ganda.

Lililofuata lilitoka bila ganda gumu, tepetepe. Mwili mpya hujifunza. Wengine hutaga yai lisilo na kiini, wengine lenye viini viwili. Bibi hakumpa kishingo mayai hayo ya mwanzo ayaatamie, maana yai dogo hutoa kifaranga dhaifu. Yalikaangwa na nyanya na vitunguu, na kaka akala sehemu yake bila kutaja habari ya kuchinja.

Wawili kati ya wale wa madoadoa wameshaanza. Kuchi bado kidole kimoja, na Bibi amekataza asiguswe mpaka Novemba iishe.